Mashimo Tisini na Tisa ya Fundi Mhanga

Niseme nisiseme?

"Sema!"

Nikisema mtaogopa.

"Tutaogopa pamoja!"

Basi hadithi na ije. Ije na meno au ije kibogoyo?

"Ije na meno!"

Haya, mmeitaka wenyewe. Sogeeni mkae karibu karibu, na atakayepiga kelele nitamtoa nje. Hii ya leo si ya kuchekea. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia mwili hunisisimka, na nilianza kuisimulia meno yangu yote yakiwa kinywani.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisema kama tunavyosema sisi, palikuwa na nchi ya udongo mwekundu, na katika nchi hiyo aliishi Mhanga. Mnamjua Mhanga? Yule mla mchwa, mwenye masikio marefu, pua ndefu na kucha kama majembe. Siku hizi hatoki mpaka giza liingie, lakini zamani alitembea mchana kweupe kama mimi na wewe.

Mhanga alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo. Hakuchimba la kwake tu, aliwachimbia wote. Ngiri hana kucha za kuchimbia, akachimbiwa na Mhanga. Nungunungu anazo kucha lakini anapenda kukaa, akachimbiwa na Mhanga. Nguchiro, kicheche, kobe, wote walilala katika mashimo ya Mhanga.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Na mama yake, kabla ya kumfundisha lolote, alimfundisha hili: shimo lina milango miwili. Mlango wa mbele ni wa kuingilia. Mlango wa uani ni wa kutokea, adui akiingia kwa mbele. Sasa huo mlango wa uani ndio kazi. Unachimbwa kutoka ndani, kwenye giza, udongo unakumwagikia machoni, na ukimaliza unaufunika kwa nyasi usionekane. Hakuna atakayeuona na hakuna atakayekusifu kwa huo.

Mhanga alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Sikudhani. Baba yake alikufa mwaka wa njaa, wakabaki wawili. Sikudhani alikuwa mdogo bado, kucha zake laini, masikio yake makubwa kuliko kichwa. Mama alipokwenda kazini, mtoto alibaki ndani ya shimo akiimba, kwa sababu mama alimwambia, "Ukiogopa, imba." Na wimbo wake ulikuwa huu, nanyi mnaitikie:

Chimba mama, chimba chini,
"Nipo, nipo, nipo ndani!"
Jua likifika kati,
"Nipo, nipo, nipo ndani!"
Uniambie umerudi,
"Nipo, nipo, nipo ndani!"

Vizuri. Mkumbuke kuitikia hivyo hivyo.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi. Kila mwaka, masika yakiisha, wanyama walikutana uwanjani kufunga nia. Kila mmoja alikuja na ukambaa wa ukindu, akafunga fundo mbele ya wenzake huku akitamka analotaka kulitimiza kabla masika mengine hayajaja. Nia ya kazi ilifungwa fundo lake. Nia ya nyumbani ilifungwa fundo lake. Na mwenye jambo lake mwenyewe, la nafsi yake, alifunga la tatu. Hazikuchanganywa. Mwaka ukiisha, aliyetimiza nia kubwa ya kazi kuliko wote alivishwa kilemba na kupigiwa vigelegele.

Mwaka huo Nungunungu alifunga mafundo matatu. "La kazi, nikusanye mizizi ya kututosha kiangazi chote. La nyumbani, nile na wanangu kila siku, tusile mmoja mmoja kama wezi. La kwangu mwenyewe, nijifunze kunyamaza, maana mdomo huu umeshanigombanisha na nusu ya nchi."

Wanyama wakacheka. Ngiri akasimama na tumbo lake. "Mimi nafunga moja. Nataka kunenepa." Wakacheka zaidi, na mkewe akainamisha kichwa kwa aibu.

Kisha akasimama Mhanga. Akafunga fundo moja nene, akalikaza kwa meno. "Mashimo mia," akasema. "Mashimo mia kabla ya masika."

Hakuna fundi aliyewahi kufika hata hamsini.

"Na la nyumbani, shoga?" akauliza Nungunungu, ambaye alikuwa bado hajaanza kujifunza kunyamaza.

"La nyumbani limo humo humo. Nikishavaa kilemba, nitakaa na mwanangu mpaka anichoke."

"Sikudhani anataka kilemba?"

"Wewe nawe! Nikipata la kazi, ya nyumbani yatajipanga yenyewe."

Basi Mhanga akaanza kuchimba. Akachimba kumi. Akachimba ishirini. Akaona kwamba mlango wa uani ungemla siku nzima kwa kila shimo, siku ambayo angeweza kuchimba shimo jingine. Akajiambia, "Watu wanahesabu milango ya mbele. Ya uani nitarudi kuimalizia." Akachimba thelathini, hamsini, sitini, yote tangu la kwanza yana mlango mmoja. Akachimba themanini. Kila alipopita walimwita, "Fundi! Fundi!" na kichwa kikamvimba.

Hata shimo lake mwenyewe, alilohamia mwaka huo huo na mwanawe ng'ambo ya korongo, lilikuwa na mlango mmoja. Alitoka mtoto hajaamka. Alirudi mtoto ameshalala.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika kwa mbali. Mhanga akahesabu. Tisini na saba. Yamebaki matatu, na wateja wamekwisha. Kila mwenye kuhitaji shimo alikuwa nalo.

Akakaa chini ya kichuguu, amechoka. Ndipo aliposikia nyasi zikisema, sss, sss, bila upepo.

"Fundi," ikasema sauti nyororo. "Mbona unatetemeka? Mimi ni mteja."

Alikuwa Chatu.

Mnanyamaza? Mnafanya vyema. Wanyama wote walinyamaza Chatu alipopita. Hakuwa na miguu ya kusikika. Alimkumbatia mtu kwanza, kisha akammeza mzima mzima, na waliomezwa hawakurudi kueleza huko ndani kukoje.

"Nazeeka, fundi," akasema Chatu. "Nataka shimo la kujipumzishia, pale kando ya mto."

Moyo wa Mhanga ulimwambia, kimbia. Kichwa chake kikamwambia, tisini na saba na moja ni tisini na nane. Akasikiliza kichwa.

Akachimba huku jasho jembamba linamtoka. Chatu alijikunja pembeni akimtazama, macho yake hayapepesi. Shimo lilipokwisha akaingiza kichwa, akakitoa.

"Zuri. Lakini naona lina mlango mmoja."

"Ukitaka wa uani, Bwana Chatu, nitakuchimbia."

"A-a, usijisumbue. Nauliza tu, maana mimi napenda kazi safi. Yale mengine uliyowachimbia majirani, nayo yana mlango mmoja?"

Mhanga aliona haya kusema uongo mbele ya mteja. "Nayo pia," akasema. "Nitarudi kuyamalizia."

"Ahsante, fundi," akasema Chatu, akaenda zake, sss, sss.

Jioni yake, Mhanga akirudi, alimkuta mke wa Ngiri amesimama mlangoni pa shimo la Ngiri na watoto wake wanne. Walikuwa wametoka malishoni. Mke wa Ngiri alikuwa akiita ndani ya shimo, "Baba Kirumbi! Baba Kirumbi!" na shimo halikujibu.

"Jirani, hukumwona mume wangu? Nilimwacha hapa amelala."

Mhanga akatazama chini. Mchangani palikuwa na mchirizi mpana, laini, kama gunia lililoburutwa. Ulitoka shimoni ukaelekea mtoni. Shimo hilo lilikuwa la sitini na tatu. Alikumbuka siku aliyolichimba, jinsi Ngiri alivyomshukuru.

Alijua. Lakini akafikiri, nikisema nitaulizwa, na nikiulizwa kilemba kitakwenda na maji. Akasema, "Sikumwona, jirani. Pengine kaenda kutafuta mizizi."

Akaenda zake, na nyuma yake aliendelea kusikia, "Baba Kirumbi! Baba Kirumbi!"

Siku ya pili Chatu akaja tena. Safari hii alikuja polepole, maana alikuwa amevimba katikati, uvimbe mkubwa wenye mabega. Mhanga aliuona uvimbe ule. Akageuza uso.

"Fundi, nataka jingine. Penye mawe, nikimbilie mvua ikizidi."

Miguu ya Mhanga ilitaka kukimbia. Lakini tisini na nane na moja ni tisini na tisa. Akachimba bila kuinua macho. Alipomaliza, Chatu akasema, "Unafanya kazi kwa adabu, fundi. Tena huulizi maswali. Je, mtu akikuhitaji nyumbani, unapatikana wapi?"

Si swali la ajabu hilo. Kila mteja huliuliza. Ulimi wa Mhanga ulijibu kabla akili haijafika. "Ng'ambo ya korongo, penye mgunga uliopasuka."

"Ahsante, fundi."

Siku hiyo Mhanga alifika nyumbani mapema kidogo, akamkuta Sikudhani bado macho. "Mama, leo nimesikia kitu kinapita juu. Hakina miguu."

Mhanga akahisi baridi mpaka kwenye kucha. "Ni upepo," akasema. "Ukiogopa, imba."

"Kaa na mimi kesho."

"Kesho namaliza, mwanangu. Limebaki moja tu."

Siku ya tatu Chatu alimngoja njiani. "Fundi, leo nataka shimo kubwa, kule mbali, kwenye udongo mgumu. Refu, pana, lenye vyumba viwili. Najua ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo nimekuandalia zawadi, mafungu matatu ya mchwa wanono. Nitakupelekea nyumbani wewe ukiwa kazini. Lakini nisije nikakuta hakuna mtu wa kupokea."

"Mwanangu yupo," akasema Mhanga. "Hatoki mpaka nirudi."

Wanasema chatu hana midomo ya kutabasamu. Siku ile alitabasamu.

Chatu akamfikisha kule mbali, akamwonyesha mahali, akaenda zake, na Mhanga akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa kama jiwe. Akachimba, akachimba, na kwa kila kucha aliyoipiga alisikia vigelegele vya uwanjani. Jua likapanda. Likafika kati. Akafika chumba cha pili, akabakiza mkono mmoja tu. Mkono mmoja na shimo la mia lingekwisha!

Akatoka nje kuvuta pumzi. Akakaa kwenye kifusi, akawaza mchwa wake. Mafungu matatu, tena wanono. Akawaza jinsi Sikudhani atakavyofurahi Chatu akiyaweka mlangoni.

Akawaza, akawaza, halafu akaacha kuwaza.

Chatu hana mikono. Mafungu matatu ya mchwa atayabeba na nini?

Akatazama chini. Mchirizi mpana, laini, ulikuwa mchangani. Vichuguu vya mchwa viko upande wa mawio. Mchirizi ulielekea machweo, ulielekea kwenye korongo.

Jamani, mmewahi kumwona mhanga akikimbia? Si mnyama wa mbio. Miguu yake ni mifupi na mkia wake ni mzito. Siku ile alikimbia mpaka pua ikatoka damu. Shimo la mia aliliacha kinywa wazi, hakuligeukia. Alipita kwa Nungunungu akapiga kelele moja tu, "Chatu yuko kwangu!" na Nungunungu hakuuliza lolote, akaitupa mizizi chini, akafuata.

Alipovuka korongo, alisikia wimbo. Itikieni, lakini taratibu.

Chimba mama, chimba chini,
"Nipo, nipo, nipo ndani..."

Moyo wake ukamrudi kifuani. Mtoto yu hai! Akazunguka mgunga uliopasuka, na hapo akaona mkia. Nusu ya Chatu ilikuwa imeshaingia shimoni. Uvimbe wake ulikuwa umebana mlangoni, na alikuwa akijisukuma, kidogo, anapumzika, kidogo, anapumzika.

Mhanga akaurukia mkia, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mkia ukamtupa mbali kama mtu anavyotupa ganda la ndizi. Alipoinuka, uvimbe ulikuwa umeshapenya. Mkia nao ukaingia wote. Mlango ukabaki mweusi, wazi, na ule ndio uliokuwa mlango pekee.

"Zunguka nyuma!" akalia Nungunungu. "Chimba wa uani! Mbele niachie mimi!" Akageuka, akaingiza makalio yake mlangoni, akaisimamisha miiba yake yote ikaelekea ndani, akakaa hapo akitetemeka na macho ameyafumba.

Mhanga akazunguka nyuma. Akachimba. Alikuwa amechimba mashimo tisini na tisa mwaka ule, lakini hakuwahi kuchimba namna ile. Udongo uliruka juu ya mgunga. Na wimbo ulimwongoza, kwa kuwa ulipita ardhini ukamfikia miguuni.

Jua likifika kati,
"Nipo, nipo, nipo ndani..."

Halafu akasikia sauti nyingine chini ya udongo. Nyororo, yenye subira.

"Imba, mwanangu. Humu ndani kuna giza. Imba nisikie uko wapi."

Na wimbo ukakatika.

Msiitikie. Hapa hapaitikiwi.

Mhanga akasimama. Hakusikia kitu. Hakusikia mtoto wala Chatu, ila damu yake mwenyewe ikigonga masikioni. Sikudhani alikuwa ameelewa. Ule wimbo aliopewa umlinde ndio uliomwonyesha Chatu njia, kwa hiyo alinyamaza. Lakini aliponyamaza, mama naye alipotea. Achimbe kulia au kushoto?

Akajaribu kukumbuka mwanawe hulala upande gani wa shimo. Upande wa mizizi au upande wa jiwe? Akafikiri, akafikiri. Hakukumbuka. Aliyajua mashimo tisini na tisa, lipi lina jiwe, lipi lina unyevu. Hakujua mtoto wake mmoja hulaza kichwa wapi.

Akalia. Wacha niseme wazi, alilia kwa sauti, akapiga ardhi kwa ngumi. "Sikudhani! Sikudhani!" Lakini mtoto hakuthubutu kujibu.

Ndipo akahisi chini ya nyayo zake kitu kidogo sana. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ilikuwa kucha. Sikudhani, ambaye hakuna aliyepata nafasi ya kumfundisha kuchimba, alikuwa amegeukia ukuta, anachimba kumfuata mama yake. Upande wa mizizi. Kwaru, kwaru.

Mhanga akajitupa hapo. Akachimba na kucha, akachimba na pua, akang'oa mizizi kwa meno. Udongo ukamwingia machoni, hakuufuta. Kwaru, kwaru, ikajibu chini. Akaongeza. Ghafla udongo ukadidimia, mkono wake ukapita kwenye tundu, ukagusa kitu laini, chenye maji maji. Kilikuwa kiganja cha mtoto, kucha zimechanika, damu inatoka.

Akashika. Kutoka ndani ya tundu ikaja pumzi ya Chatu, baridi, inanuka, na nyuma ya masikio ya Sikudhani akayaona macho mawili yasiyopepesa. Hayakuwa mbali. Nikiinyoosha mikono yangu hivi, ndio huo umbali.

"Fundi," ikasema sauti ya mwenye macho yale. "Shimo la mia umeshalimaliza?"

Mhanga akavuta. Mabega ya mtoto yakakwama. Akavuta tena. Chatu akajisukuma, na uvimbe wake ukabana kwenye kona ya shimo, akapumzika. Akapumzika pumzi moja tu. Mhanga akavuta mara ya tatu, na Sikudhani akatoka kama jino linavyotoka, na wote wawili wakaanguka chali.

Mhanga hakumkumbatia hapo. Aligeuka, akapiga udongo kwa miguu ya nyuma, akaujaza kwenye tundu, akaujaza, akaujaza, akaukanyaga mpaka ukawa mgumu. Chatu akajaribu kurudi nyuma. Lakini shimo jembamba na tumbo lililoshiba haviruhusu mtu kugeuka, na mkia wake kila ulipofika mlangoni ulikutana na miiba ya Nungunungu. Majirani walioisikia kelele walipofika na mawe, wakaujaza mlango wa mbele pia. Chatu akabaki humo. Wakamsikia akijigonga siku hiyo, na kesho yake. Siku ya tatu hawakusikia kitu.

Wanyama wakafurahi mno. Wakamletea Mhanga kilemba pale pale alipokuwa amekaa anamlamba mwanawe vidole.

"Shimo moja lililobaki tunakusamehe," wakasema. "Vaa, fundi!"

Mhanga akakitazama kilemba. Kilikuwa cheupe, kizuri. "Kipelekeni mbali," akasema. "Sijachimba mia. Sijachimba hata moja. Nimetoboa tu matundu tisini na tisa, na ninyi mnalala ndani yake na watoto wenu."

Kila mmoja akakumbuka shimo lake lina milango mingapi, na baridi ikawapitia wote.

Kisha Mhanga akambeba Sikudhani mgongoni, akaenda mpaka kwa mke wa Ngiri. Hiyo safari ilikuwa fupi, lakini aliiogopa kuliko ile ya kukimbilia korongo. Akamkuta mlangoni, watoto wanne wamejibana nyuma yake.

"Jirani," akasema Mhanga. "Shimo alimokufa mumeo nililichimba mimi. Halikuwa na mlango wa uani. Nilimwambia Chatu kwamba halina."

Mke wa Ngiri akautazama mlango wa shimo.

"Na mwanangu yu hai kwa sababu ya mumeo. Chatu alikuwa amembeba tumboni, hakuweza kupita upesi."

Mke wa Ngiri akamtazama Sikudhani, akazitazama kucha zake zilizochanika. "Siku ile nilipokuwa nikimwita," akasema, "ulisimama hapo ulipo sasa. Ulitazama chini. Ulijua?"

"Nilijua."

Nawaambieni, hakuna kilio kilichotoka hapo. Ingekuwa afadhali pangekuwa na kilio. Mhanga akapiga magoti, machozi yakamshuka, akataka kuomba radhi.

"Usilie mlangoni kwangu," akasema mke wa Ngiri. "Nina watoto wanne wa kulala humu, na mvua inakuja. Chimba."

Mhanga akainuka. Akaingia ndani ya shimo la sitini na tatu, kwenye giza, akaanza kuuchimba mlango ambao hakuna atakayeuona. Sikudhani aliketi kando yake akimtazama anavyofanya. Na mke wa Ngiri akawafundisha wanawe waingie shimoni kinyumenyume, uso umeelekea nje, kwa sababu tangu siku hiyo hakumwamini tena fundi yeyote. Mpaka leo ukimwona ngiri anaingia shimoni, ataingia hivyo.

Basi mmesikia. Kuna nia ya kazi, nayo ni kuifanya kazi iwafae wanaoitegemea. Kuna nia ya nyumbani, nayo haingojei kazi iishe. Kuna nia ya nafsi yako, ambayo ni wewe tu unayeijua. Na kuna ya nne inayojivika nguo za hizo tatu, nayo ni kutaka kusifiwa. Mhanga aliitumikia hiyo ya nne mwaka mzima akidhani anaitumikia kazi, na akadhani nyumba yake imo ndani ya kazi hiyo. Zitenge nia zako uzijue moja moja. Ukishindwa kuzitenga wewe, atakuja mwingine kama Chatu akutengee, na hatauliza kwanza.

Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa ndipo ninapoiacha. Iliyowapendeza nendeni nayo mkalale. Iliyowatisha niachieni mimi, nimeizoea.